Binti kwa Binti

Sulabai alimsugua mwanawe mikono kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikawa vyekundu, lakini rangi ya mrututu ilikataa kutoka. Ilikuwa imejificha kwenye pembe za kucha, buluu inayoelekea kijani, alama ya kila mwanamume wa huku anayepigia dawa mizabibu yake mwenyewe.

"Mama, inatosha. Unanichubua."

"Nyamaza. Mara ile kwa watu wa Miraj, shangazi wa yule binti alitazama nini kwanza? Uso? Alitazama kucha."

"Alitazama kucha kwa sababu uso ulishamwambia sina kazi ya ofisini."

Mzee Dagdu, mumewe, alicheka kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwache kijana, Sula. Hawa wanajua analima. Safari hii hatumdanganyi mtu."

Hilo lilikuwa kweli. Mara nyingine zote walikuwa wamedanganya kidogo: Nivrutti ni msimamizi wa ghala, Nivrutti ana mpango wa kuhamia mjini Pune, Nivrutti ana miaka thelathini. Alikuwa na thelathini na mitano. Safari hii watu wa binti walikuwa wanajua umri, shamba, na mpaka aina ya zabibu. Hawakuhitaji kudanganywa kwa sababu hawakuwa wakimtaka Nivrutti hasa. Walikuwa wakimtaka dada yake.

Huku kwetu kwenye mizabibu mambo yamegeuka, na tulioyageuza ni sisi wenyewe. Msichana akimaliza shule tu, mama yake keshamwambia: wewe hutaolewa na mkulima, sikukusomesha ukashike jembe. Mlinzi wa geti Pune anayelala chini ya ngazi anapata mke. Mwenye ekari tano za zabibu anazeeka akila mkate wa mtama uliopikwa na mama yake. Na mama anayemkatalia binti yake wakulima ndiye huyo huyo anayezunguka kwa washenga kumtafutia mke mwanawe mkulima, akishangaa watoto wa watu siku hizi wana kiburi gani.

Sulabai hakuwa tofauti. Mwaka uliopita watu wa kijiji cha Yelavi walikuja kumposa Rohini, bintiye, kwa ajili ya kijana wao Vilas, mfugaji wa nyati wa maziwa. Sulabai aliwapa chai, akawasindikiza mpaka getini, kisha akamwambia jirani kwa sauti ya kusikika barabarani, "Binti yangu anafanya kazi kwenye kompyuta, halafu aje kuzoa mavi ya nyati!" Maneno hayana miguu lakini yalifika Yelavi kabla ya jua kuzama.

Sasa walikuwa wanakwenda Yelavi. Vilas bado hajaoa, na ana dada. Mshenga ndiye aliyeleta wazo, na wazo lenyewe ni la zamani, babu zetu walilifanya, tukaliacha, njaa ya wake imetufanya tulifukue. Binti kwa binti. Nipe wako, nikupe wangu.

Kabla ya kutoka, Nivrutti alisimama mbele ya stoo ya dawa. "Mama, nichukulie zile glavu mpya. Nikirudi napiga dawa moja kwa moja."

Sulabai alivuta uzi mweusi uliokuwa shingoni mwake, pamoja na shanga zake za ndoa, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia mwenyewe, akatoka na glavu, akafunga. Nivrutti alitazama pembeni mpaka alipomaliza. Ndivyo walivyoishi tangu Diwali, na hakuna aliyekuwa akilitaja.

*

"Karibuni, karibuni, kaeni," alisema Hirabai, mama yake Vilas, akiwa amesimama mlangoni na sari iliyopigwa pasi. "Angalieni tu msikanyage mavi ya nyati. Yapo mengi huku kwetu."

Mshenga Sadashiv, kondakta mstaafu wa basi ambaye bado alizungumza kana kwamba anawapanga abiria, alicheka haraka kuzima moto. "Songeeni, songeeni ndani, nafasi ipo! Dada Hirabai, wewe kwa utani!"

Sulabai aliketi. Aliletewa chai, akanywa, akajua Hirabai anamtazama.

"Vipi, maziwa hayanuki?"

"Matamu, dada."

"Ya nyati hao hao."

"Matamu sana," alisema Sulabai, na akamaliza kikombe chote.

Binti akaingia na sahani za pohe, mchele uliopondwa ukakaangwa. Jina lake Kirti. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko sari aliyovalishwa, na alimpa kila mtu sahani bila kumwaga wala kutetemeka, kama mtu aliyezoea kugawa dawa wodini. Nivrutti aliona tu mkono wake na saa ndogo aliyoivaa kwa ndani ya kifundo. Aliingiza vidole vyake chini ya sahani ili kucha zisionekane.

Wazee waliongea yao. Kisha Sadashiv akasema siku hizi ni mambo ya kisasa, waacheni watoto wazungumze dakika mbili, na wote wakacheka kwa kuwa "mtoto" mmoja alikuwa na mvi masikioni. Wakatolewa nyuma ya nyumba, kwenye zizi, mahali ambapo mama mtu angeweza kuwaona kupitia dirishani bila kuwasikia.

"Unasomea uuguzi," alianza Nivrutti.

"Nimebakiza mwaka mmoja. Ulikuwa umebaki. Baba amesema ada ya mwaka huu itanunua vyombo vya harusi." Alimpapasa nyati mmoja puani bila kumtazama. "Dada yako amekubali?"

Nivrutti aliokota jani kavu, akalipasua.

"Hajaambiwa," alisema Kirti. "Hata mimi sikuambiwa. Nilisikia dirishani. Tunauzwa kwa jumla, mimi na yeye, na hatujawahi hata kuonana."

"Si kuuzwa."

"Ni nini?"

Nivrutti akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu alivyonunua kwa harusi ya binamu yake.

"Nisikilize," alisema Kirti, akapunguza sauti. "Mimi nitasema ndiyo. Nikisema hapana, kaka yangu anakosa mke kwa ajili yangu, na mama ataniimbia wimbo huo mpaka nife. Wewe sema hapana."

"Kwa nini mimi?"

"Mwanamume akikataa hapigwi." Akasita. "Na wewe umezoea kukataliwa. Kataa wewe, mara moja tu, uone ilivyo."

Alipoona uso wake, alijishika mdomo. "Samahani. Sikukusudia hivyo."

"Unajua nina umri gani?"

"Thelathini na mitano. Mshenga mwaka juzi alimwambia shangazi yangu thelathini, mwaka jana thelathini tena. Tulihesabu, tukasema kumbe mtu huyu hazeeki." Na licha ya yote, akacheka kidogo.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kama angekuwa na maringo, au angelia, Nivrutti angeweza kumwacha. Lakini alicheka, na Nivrutti akamwona akicheka hivyo jikoni kwao, asubuhi, na moshi ukipanda. Alimtaka. Alitaka mke kama mtu mwenye homa anavyotaka maji, na maji haya yalikuwa hapa, karibu kiasi cha kunusa sabuni aliyoogea.

Waliporudi ndani, Sadashiv aliuliza, "Enhe, kijana, umeonaje?"

Nivrutti aliinamisha kichwa.

"Kimya!" akasema Sadashiv, akipiga paja. "Kimya maana yake ndiyo. Gari limejaa, twende!"

*

Rohini alifika nyumbani kwa sikukuu ya Sankranti na begi la mgongoni, nywele amezikata mabegani. Pune alikuwa akikagua programu za kompyuta kwenye kampuni moja, alikuwa na chumba alichochangia na wenzake wawili, na skuta aliyoinunua mwenyewe bila kumwomba mtu hata rupia. Sulabai alimpokea, akamshika nywele, akaziachia kama aliyeshika kitu cha moto.

"Chukua ufuta, mwanangu, useme matamu," alisema, akamtia mkononi vidonge vya ufuta na sukari guru, kama desturi ya siku hiyo.

"Wewe kwanza, Mama. Sema matamu." Rohini alikuwa na furaha. Akapita akimpa baba yake, akamrushia kaka yake kimoja, naye akakidaka kwa mdomo, mchezo wao wa utotoni. Wote wanne wakacheka. Sulabai aliacha sikukuu ipite. Kesho yake hakusema pia, kwa maana kesho ya Sankranti ni siku ya mkosi. Siku iliyofuata, wakichambua dengu, akasema yote.

Rohini hakupiga kelele mara moja. "Vilas yupi? Yule wa nyati? Yule uliyemfukuza?"

"Sikumfukuza. Nilimsindikiza."

"Mama, ulimcheka kijiji kizima kikasikia! Ulisema ulinisomesha ili nisishike ndoo. Nilikuwa nakuamini. Nilisoma kwa taa ya simu nikijua mama yangu hataki nishike ndoo!"

"Nilikosea. Mtu hakosei?"

"Na mwenye kukosea ni wewe, mwenye kuolewa ni mimi."

"Una mtu huko Pune? Niambie. Kama una mtu nitajua la kufanya."

"Sina mtu! Mnatamani niwe na mtu ili mpate wa kulaumu. Nina kazi. Nina kitanda changu. Jumapili naamka saa ninayotaka. Ni dhambi? Sijui kama nitaolewa mwakani au nikiwa na miaka arobaini au nisiolewe kabisa, lakini nitajua mimi."

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu nampenda. Lakini mimi si mbuzi, nibadilishwe kwa mbuzi mwingine."

Sulabai aliweka ungo chini. Alitazama mlangoni kuhakikisha Nivrutti yuko shambani. Kisha akauvuta ule uzi mweusi, ufunguo ukatoka.

"Unajua hiki ni nini?"

"Ufunguo wa stoo."

"Unajua kwa nini nalala nao?" Na sauti ya Sulabai, ambayo ilikuwa imekaza wakati wote, ikavunjika. "Siku ya pili ya Diwali, wenzake wote walikuwa wamekuja kijijini na wake zao na watoto. Binamu yako alimwambia kwa utani, mbele ya watu, 'Nivrutti, wewe mizabibu yako yote umeioa, bado unataka mke?' Akacheka naye. Akaja nyumbani. Nikamwita kula, kimya. Stoo imefungwa kwa ndani. Niliuvunja mlango kwa mchi wa kinu, Rohini. Nilimkuta amekaa chini na chupa ya dawa ya mizabibu imefunguliwa mapajani. Hajanywa. Alikuwa anaitazama tu. Aliniambia, 'Mama, nisamehe, nilikuwa napumzika.'"

Rohini aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba yako anajua, mimi najua, na sasa wewe. Nje ya hapa, hakuna. Likitoka tu, kwisha, hakuna baba duniani atakayempa binti. Ninachunga mtu mzima kama mtoto mchanga. Nikienda msalani nauliza yuko wapi. Sasa niambie wewe uliyesoma. Nikuoze unichukie, au nikuache nimzike?"

Hilo si swali la kuulizwa mtoto. Sulabai alilijua hilo, na akaliuliza.

*

Rohini alimkuta kaka yake kati ya mistari ya mizabibu, akipunguza majani yanayoziba vichala. Zabibu zilikuwa zimeanza kulainika. Rohini alisimama upande wa pili wa waya.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Stoo."

Mkasi wa Nivrutti uliendelea. "Sikunywa."

"Sikukuuliza kama ulikunywa."

Mkasi ukasimama. Walitazamana katikati ya majani. Rohini alikuwa analia bila sauti, na Nivrutti akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku mama yake alipovunja mlango.

"Ungenipigia simu," alisema Rohini. "Kila Jumapili tunaongea. Unaniuliza kuhusu mvua ya Pune."

"Ningesema nini?"

"Hilo hilo!"

Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Basi nitaolewa. Nimemwambia Mama. Keshokutwa wanakuja na sukari ya uchumba. Nitaolewa, wewe utaoa, na yeye atalala usingizi."

Siku zote hizo Nivrutti alikuwa amejidanganya kwamba Rohini atakataa mwenyewe, kwamba lawama haitamfikia yeye. Sasa mlango ulikuwa wazi na alitakiwa kuufunga kwa neno moja. Alifungua mdomo.

"Vilas si mtu mbaya," akasema.

Rohini akageuka akaenda nyumbani, akishika waya mmoja mmoja kama kipofu. Nivrutti alikata majani mpaka kiza, na alipoangalia alikuwa amekata na vichala.

*

Watu wa Yelavi walikuja na gari mbili. Sebule ikajaa. Sadashiv aliketi katikati na sinia: nazi, vitambaa, na pakiti mbili za sukari zilizofungwa kwa karatasi ya kumetameta, moja kwa kila upande. Kirti alikaa kati ya shangazi zake, macho chini. Alipoingia alikuwa amemtazama Nivrutti mara moja, hakurudia.

Rohini akaletwa. Hirabai alimwambia ageuke.

"Nywele hizi zimekatwa na nani?"

"Msusi wa Pune."

"Mh. Zitaota. Kule ofisini utaaga lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Tembea kidogo, hadi kule dirishani. Isije ikawa kukaa kwenye kompyuta kumekuharibu kiuno." Wanawake walicheka. Rohini alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Lete mikono." Hirabai aliigeuza viganja juu, akaviminya kama anayechagua nyanya. "Laini! Hii mikono haijawahi kukamua hata mbuzi. Dada Sulabai, nimwanzishe kwenye kukamua au kwenye kuzoa? Wewe unajua zaidi kazi yetu ilivyo."

Sulabai alitabasamu. Tabasamu hilo lilimchukua nguvu zote. "Popote utakapopenda, dada."

"Nitajifunza," alisema Rohini.

"Mama, basi," alisema Vilas. Ndilo neno lake la kwanza. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeketi karibu na mlango akitazama viatu vyake, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho ingawa ni Januari.

"Basi nini? Mimi sikupata nafasi ya kuuliza mwaka jana. Tulikuja, tukasindikizwa."

Sadashiv akapiga makofi. "Mwaka jana basi lilipita, leo limerudi! Jamani, tusichelewe na saa nzuri. Nivrutti, njoo, inama upokee."

Nivrutti alisimama. Alikuwa amefikiria siku mbili namna ya kukataa. Akisema hamtaki Kirti, watu watauliza binti ana kasoro gani, na doa litamfuata binti wa watu maisha yake. Akisema dada yake hataki, Rohini ndiye atakuwa mwovu. Akisema basi tu, sitaki, wazee watamkalisha chini, watamsema, na kufikia saa ya chakula atakuwa amechumbia. Katika njia zote, ilikuwa imebaki moja tu. Na hiyo ingemfungia milango yote huku kwetu, kuanzia mji wa Tasgaon mpaka mwisho wa mizabibu. Alijua. Alimtazama Kirti mara ya mwisho, kwa tamaa, bila kuificha.

"Ngojeni," akasema. "Kuna jambo hamkuambiwa."

"Nivrutti," alisema Sulabai. "Kaa chini."

"Wakati wa Diwali nilijifungia stoo na chupa ya dawa ya zabibu."

"Nivrutti!"

"Nilitaka kujiua. Mama alivunja mlango. Tangu hapo ufunguo anauvaa shingoni, haniamini, na ana haki. Kama mnafikiri natania, mwangalieni."

Wote wakamwangalia. Sulabai alikuwa tayari ameweka mkono kifuani, juu ya ufunguo, na hakuweza kuuondoa.

Nje dereva wa gari moja alikuwa akisikiliza mpira redioni. Kisha Hirabai akasimama, akajitanda sari kichwani. "Mlitaka kumfanya binti yangu mjane? Mmetuletea maiti mnaiita bwana harusi?"

"Mimi nilikuwa sijui!" alilia Sadashiv. "Naapa kwa marehemu mama, nilikuwa sijui! Dada, kaa, tuzungumze..."

"Tuzungumze nini? Vilas, chukua sukari yetu!"

Walitoka kwa kusukumana. Kirti alitoka na shangazi zake, na mlangoni alisita, akageuka nusu, lakini shangazi alimvuta mkono. Mzee Dagdu alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho.

Vilas ndiye aliyebaki nyuma, akitafuta viatu vyake katikati ya viatu vya watu. Alivipata, akavaa kimoja, akashindwa na cha pili. Nivrutti aliinama akamsaidia kukiweka sawa. Vilas alisema polepole, bila kuinua kichwa, hivi kwamba hakuna mwingine aliyesikia:

"Kwetu ufunguo unakaa kwa baba."

Kisha akaenda kwenye gari.

*

Habari ilienea kabla vikombe havijaoshwa. Jirani alikuja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji. Binamu, yule wa utani wa Diwali, alipita nje na pikipiki, akapunguza mwendo, hakusimama. Jioni hiyo Sulabai aliweka chakula, akaondoa chakula. Mumewe ndiye aliyesema, akitazama paa, "Umetuvua nguo hadharani, mwanangu," na baada ya kitambo akaongeza, "Lakini kula."

Asubuhi kulikuwa na umande mzito. Majani yalikuwa yanachuruzika, na Nivrutti aliporudi kutoka shambani alikuwa na jani mkononi lenye madoa ya kimanjano kama mafuta yaliyomwagika. Ugonjwa umeingia. Usipopigiwa dawa siku hiyo hiyo, zabibu za mwaka mzima zinaozea kwenye waya.

"Mama, nipe ufunguo."

Sulabai aliinuka. "Nakuja kukufungulia. Nitakupimia dawa, nitasimama."

"Hapana. Nipe ufunguo."

Rohini alikuwa barazani na begi lake mgongoni, akingoja muda wa basi. Akalivua begi.

"Jana umetangazia dunia," alisema Sulabai. "Umefunga kila mlango. Hakuna tena atakayekuja na sukari hapa, wala nyati wala mbuzi. Kisha leo unaniambia nikupe ufunguo? Unaniona sina akili?"

"Nilisema kwa sababu nilichoka kuficha. Nimelisema, nimelala. Mara ya kwanza tangu Diwali, Mama, nimelala." Akamwonyesha lile jani. "Sijui kesho nitajisikiaje. Sikuahidi kitu. Lakini siwezi kuwa mtoto wako wa kunyonya mpaka uzeeke. Utakufa, na ufunguo utabaki."

"Zabibu zinaoza, Sula," alisema Mzee Dagdu.

Sulabai akauvua uzi kupitia kichwani, ukanasa kwenye shanga za ndoa, Rohini akamsaidia kuunasua. Sulabai aliuweka ufunguo kiganjani mwa mwanawe, akavifumba vidole vyake juu yake, na ilimbidi avute mkono wake kwa nguvu ili auache.

Nivrutti alikwenda. Wakasikia kufuli. Wakasikia pipa likiburutwa. Kisha injini ya bomba la dawa ikawaka, ikanguruma ikienda mstari baada ya mstari, na Sulabai akakaa kizingitini akisikiliza. Hakupika. Basi la Rohini lilipiga honi barabarani, likapita. Rohini alikaa karibu na mama yake, goti kwa goti, na wote wawili wakasikiliza injini kama watu wanavyosikiliza pumzi ya mgonjwa.

Jua lilikuwa limeshapanda sana injini ilipozimika.

"Anageuza mstari," alisema Rohini.

Haikuwaka.

"Anajaza dawa."

Haikuwaka. Sulabai alikuwa ameshasimama. Alikimbia bila viatu, sari imeshikwa mkono mmoja, mawe ya shamba yakimkata nyayo, akipita chini ya waya, vichala vikimpiga usoni, akiita jina la mwanawe kwa sauti ambayo majirani walisema baadaye waliisikia mpaka barabara kuu.

Nivrutti alikuwa amesimama mwishoni mwa mstari karibu na bomba, kofia mkononi. Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi.

"Petroli imeisha," akasema.

Sulabai alianguka akakaa kwenye udongo. Alihema. Rohini alifika nyuma yake, akaona, akajishika magoti na kuanza kulia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Nivrutti alichuchumaa mbele ya mama yake. Akavua glavu iliyochanika. Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea. "Shika, Mama. Shika."

Sulabai hakuuchukua ufunguo. Aliushika mkono, ule wenye mrututu kwenye kucha, akaubana kwenye shavu lake, na machozi yalipochanganyika na dawa rangi ikamwingia usoni. Hakuifuta.

"Imebaki mistari mingapi?" akauliza.

"Mingi."

"Rohini atakuletea petroli." Akakaa vizuri chini ya mzabibu, miguu yake yenye damu akaikunja. "Wewe endelea. Mimi nitakaa hapa."